Keshia Akibofya Mara Nne

Barua za mapenzi zimejaa mezani, nitazishughulikia toleo lijalo, msinune. Leo nina swali la kazi. Limetoka kwa mdogo wetu wa Mtito Andei, kijana anayetengenezea maduka na hoteli za kando ya barabara programu za mauzo. Mteja wake mmoja, mwenye hoteli, amemjia juu: hesabu ya soda haikubaliani na friji, risiti mbili tofauti zimetoka na namba moja, na keshia ameshaambiwa atakatwa mshahara. Kijana alipokwenda kuangalia kompyuta aliikuta programu yake imefunguliwa mara nne, madirisha yamelaliana. Sasa anauliza: dada, nimfunze vipi huyu keshia aache kubofya-bofya?

Mdogo wangu, mwache keshia. Kazi iko kwako.

Hebu mtazame kwanza anavyofanya kazi. Mtito Andei mnaijua hata msiokaa huko: iko karibu nusu ya safari ya Nairobi na Mombasa, lango la hifadhi ya Tsavo West liko hapo hapo, na basi likisimama abiria hushuka wote kwa pamoja wakiwa na njaa na dakika chache. Stima ilikuwa imepotea, imerudi sasa hivi. Kompyuta ni ya mtumba, inawaka kwa kujivuta. Keshia anabofya alama ya programu kama alivyofundishwa. Kimya. Hakuna kinachoonekana, kwa sababu programu yako inasoma hifadhidata nzima kwanza ndipo ichore dirisha. Mbele yake amesimama mtu na sahani ya muthokoi, ameshika noti ya elfu. Nje dereva anapiga honi. Anabofya tena. Kimya. Tena. Wewe ungefanyaje? Huo si utundu, ni kuuliza kama amesikika. Programu haikumjibu, akauliza tena, halafu majibu yote manne yakaja kwa mpigo.

Kinachofuata ndicho kinachomfanya aonekane mwizi, kwa hiyo tukifuate polepole. Tuseme asubuhi rekodi inaonyesha soda 40. Nakala ya kwanza ya programu inasoma 40 na kuiweka kichwani. Nakala ya pili nayo inasoma 40. Abiria wa basi la kwanza wananunua soda 6, keshia anaziingiza kwenye dirisha lililo juu, na nakala ile inaandika 34. Basi la pili linaingia. Bila kujua, keshia sasa anatumia dirisha lingine, ambalo bado linakumbuka 40. Wananunua 10. Nakala hii inapunguza 10 kutoka 40 na kuandika 30, juu ya ile 34. Kwenye friji zimebaki 24. Kompyuta inaapa ni 30. Soda 6 zimeyeyuka, na mtu wa kwanza kutazamwa kwa jicho la pembeni ni aliyeketi kwenye kiti cha keshia.

Risiti nazo ni vivyo hivyo. Kila nakala imeona risiti ya mwisho ni 1057, kila moja inatoa 1058. Na siku hizi risiti haiishii mfukoni mwa mteja. Mwenye biashara anayetumia eTIMS, ule mfumo wa ankara za kodi, anatuma ankara zake hadi KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa hiyo namba iliyojirudia inaweza kumletea maswali ambayo wewe fundi hutakuwepo kuyajibu.

Kabla hujagusa msimbo, mwokoe huyo keshia. Kama uliandika programu yako kwa akili, kila mauzo yamehifadhiwa kwenye mstari wake: saa, bidhaa, idadi, bei. Kilichofutwa ni ile hesabu moja ya stoki, lakini mistari ya mauzo ipo. Ijumlishe. Ulianza na 40, mistari inasema 6 na 10, basi zinatakiwa kubaki 24, na friji inasema 24. Chapisha karatasi hiyo, mpelekee mwenye hoteli mkononi, na umwambie wazi kwamba kosa ni la programu. Najua inauma. Lakini mshahara wa mtu ukikatwa kwa sababu ya msimbo wako na wewe umenyamaza, hiyo ni habari nyingine kabisa, na mimi hapo siwi upande wako.

Haya, tuanze kutengeneza. La kwanza wala si kufuli la kuzuia nakala ya pili. Ni kuondoa ule ukimya. Programu ikibofywa, ndani ya sekunde moja ioneshe kitu: kidirisha kidogo chenye jina la hoteli na maneno "Inafunguka, subiri". Kichore kabla ya kugusa hifadhidata na kabla ya kutafuta printa. Kazi nzito ifanyike nyuma yake. Ukifanya hili tu, mibofyo mingi ya ziada itakwisha yenyewe, maana keshia ameshajibiwa. Vijana wengi hukimbilia kuweka kufuli na kuacha ukimya ule ule, na matokeo yake ni keshia anayebofya, haoni kitu, halafu anarushiwa ujumbe mwekundu kwamba programu tayari imefunguliwa. Imefunguliwa wapi? Haioni!

Ila kubofya kwa haraka si njia pekee ya kupata nakala mbili. Kuna fundi aliyeiweka programu kwenye orodha ya vitu vinavyojifungua kompyuta ikiwashwa, na alama yake bado ipo kwenye skrini, kwa hiyo kila asubuhi inafunguka yenyewe na keshia anaifungua tena. Kuna wa zamu ya usiku aliyelishusha dirisha chini akaenda zake. Wa asubuhi haoni kitu, anafungua jipya. Kwa hiyo kufuli unalihitaji vilevile.

Na kwa habari ya kufuli, hapo Mtito Andei mna mwalimu anayepita mbele yenu kila siku: reli. Ile ya Waingereza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikiwa njia moja ya kwenda na ya kurudi. Hata SGR, reli mpya iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ni njia moja; treni zinazotoka pande mbili hupishana kwenye stesheni. Tatizo la njia moja ni la kale na lina damu ndani yake: utajuaje kwamba kipande unachotaka kuingia hakina mwenzako anayekuja? Huko Thorpe, karibu na Norwich nchini Uingereza, mwaka 1874, treni mbili ziligongana uso kwa uso usiku kwa sababu ruhusa ilitumwa kwa telegrafu kimakosa, na jitihada za kuifuta zikachelewa. Baada ya hapo mhandisi Edward Tyer alitengeneza mashine zinazokwenda mbili mbili, moja katika kila stesheni, zimeunganishwa kwa waya wa umeme. Ndani yake mna vibao. Ukichomoa kibao kimoja, mashine zote mbili zinajifunga. Hakitoki kingine mpaka kile cha kwanza kirudishwe, iwe upande huu au ule. Dereva asiye na kibao mkononi haingii njiani, hata kama macho yake yanamwambia kweupe.

Shikeni jambo hilo. Bila kibao watu huuliza kama njia iko wazi, halafu wanaingia. Kati ya kuuliza na kuingia pana mwanya, na ajali hupenya hapo hapo. Kibao kiliziba mwanya kwa kufanya kuuliza na kuchukua kuwa tendo moja. Wataalamu wa kompyuta walikuja kukutana na tatizo hilo hilo baadaye: Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika mwaka 1965 makala fupi sana juu ya kuzuia prosesi mbili zisiingie mahali pamoja kwa wakati mmoja, na chombo chake kingine cha kazi hiyo, semafori, alikipa jina la ule mkono wa ishara wa reli.

Sasa angalia programu za vijana wetu. Wengi wanachungulia njia kwa macho. Njia ya kwanza wanayopenda ni kuhesabu: programu ikifunguka inaiuliza Windows ni prosesi ngapi zenye jina kama lake, na ikiona zaidi ya moja inajifunga. Keshia wetu aliyebofya haraka anapata kichekesho: nakala mbili zinaamka pamoja, kila moja inamwona mwenzake, zote mbili zinajiua kwa adabu. Skrini tupu. Anabofya tena. Na kama mtu amelibadilisha jina la faili la programu, hesabu nzima haina maana.

Njia ya pili ni kutafuta dirisha kwa kichwa chake, kwa FindWindow. Hii ni mbaya zaidi kwa kesi yetu, kwa sababu muda ambao keshia anabofya-bofya ni ule ule ambao dirisha bado halijachorwa. Nakala ya pili inatafuta dirisha la kwanza, hailioni, inajiona peke yake duniani. Kufuli linalolegea wakati ule ule unaolihitaji ni la nini?

Kibao cha kweli kipo ndani ya Windows, na ni cha bure. Kinaitwa muteksi. Programu yako inaita CreateMutex na kutaja jina. Kama jina hilo halipo, Windows inaliunda na wewe ndiye wa kwanza. Kama lipo, unapewa kishikio chake (handle) pia, lakini ukiita GetLastError hapo hapo inakurudishia 183, yaani ERROR_ALREADY_EXISTS, na wewe unajua kuna mwenzako ndani. Nasema hapo hapo kwa sababu mwito mwingine wowote ukipita katikati unaweza kulifuta jibu hilo. Hakuna mwanya, maana Windows yenyewe ndiyo inayoamua nani katangulia, hata kama nakala nne zimefika pamoja. Na uzuri wake mkubwa ni huu: prosesi ikifa, iwe kwa kufungwa vizuri, kwa kuanguka, au kwa kuuawa kwenye Task Manager, Windows inakirudisha kibao yenyewe. Stima ikipotea, kila kitu kimepotea pamoja nayo, kwa hiyo kompyuta ikiwaka hakuna mabaki.

Fanya hivyo kwenye mstari wa kwanza kabisa wa programu, kabla hata ya kile kidirisha cha "Inafunguka". Na kuhusu jina la muteksi, tafadhali usiite "Duka" wala "Mauzo". Programu ya mtu mwingine ikitumia jina hilo, yako haitafunguka na hutajua kwa nini. Tengeneza ile namba ndefu ya GUID, ibandike kwenye jina, na usiibadilishe tena. Namba ya toleo usiitie humo. Ukiitia, toleo la zamani na jipya yatafunguka pamoja na kuharibu hesabu ile ile.

Jina hilo lina kiambishi ambacho wengi hawakifahamu. Bila kiambishi, au ukianza na Local\, muteksi inaonekana ndani ya kikao cha mtumiaji mmoja tu. Kama keshia wa usiku ana akaunti yake na wa mchana ana yake, na wanabadilishana bila wa kwanza kutoka, kila mmoja ana kikao chake, na nakala mbili zitafunguka huku kila moja ikidhani iko peke yake. Ukianza jina na Global\, kufuli linashika kompyuta nzima. Kuna kikwazo kidogo: mtumiaji wa pili anaweza kunyimwa ruhusa ya kuigusa muteksi ya wa kwanza. Usiache programu ianguke hapo. Kunyimwa ruhusa nako ni jibu, maana huwezi kunyimwa kitu ambacho hakipo.

Wale wa C#, njooni karibu. Darasa la Mutex lina kigezo cha createdNew kinachokuambia kama umetangulia, na hilo mnalijua. Kinachowasumbua ni kwamba inafanya kazi vizuri mkiwa mnaijaribu, halafu ikienda kwa mteja kufuli linafunguka lenyewe baada ya muda. Si uchawi. Muteksi mmeiweka kwenye kigeu cha ndani ya Main, na katika toleo la Release linalokwenda kwa mteja, mkusanya takataka wa .NET akiona kigeu hakitumiki tena anakizoa, na kibao kinarudi kwenye mashine huku treni ingali njiani. Iweke kwenye kigeu tuli cha darasa, au malizia Main kwa GC.KeepAlive. Nusu ya maswali mnayoniletea kuhusu kufuli linalolegea yanaishia hapo.

Wa VB.NET mmepewa bure: kwenye mipangilio ya mradi kuna kisanduku cha kuweka tiki ili programu iwe ya nakala moja, na tukio la StartupNextInstance linaloitwa kwenye nakala ya kwanza mtu akibofya tena. Ambao bado wanatunza programu za VB6, na najua mpo, mna App.PrevInstance. Electron ina requestSingleInstanceLock, Qt ina QLockFile, Java unaweza kushika faili kwa tryLock ya FileChannel na kuliacha wazi mpaka mwisho. Python haina cha kwake cha moja kwa moja. Kwenye Windows ita CreateMutex hiyo hiyo kupitia pywin32. Wapo wanaoshika mlango wa mtandao kwenye 127.0.0.1 badala yake. Inafanya kazi, ila siku programu nyingine ikiuwahi mlango huo, yako haifunguki, na huko Mtito Andei hakuna atakayebaini.

Nakala ya pili ikigundua imechelewa, ifanye nini? Hapa ndipo utu wa fundi unapoonekana. Wengi huweka kisanduku cha onyo na kitufe cha Sawa. Fikiria: mtu ametaka kufungua programu ili auze. Programu ipo, imefunguliwa, na wewe unachomwambia ni kwamba amekosea. Mpe alichokuja kutafuta. Nakala ya pili iite dirisha la kwanza lije mbele, kama limeshushwa chini liinuliwe, kisha yenyewe iondoke bila kusema neno. Keshia ataona dirisha, ataendelea, wala hatajua kulikuwa na nakala ya pili.

Mtajaribu SetForegroundWindow na mtaona dirisha halinyanyuki, alama yake tu inawakawaka chini ya skrini. Ni Windows inayozuia programu zisiruke mbele ya mtu anayeandika. Haki ya kuja mbele anayo yule aliyebofywa sasa hivi, yaani nakala ya pili. Kwa hiyo ya pili iite AllowSetForegroundWindow kuipa ya kwanza ruhusa hiyo, ndipo iiombe iinuke. Na kama keshia alibofya faili fulani, tuseme ripoti ya jana, nakala ya pili ipitishe jina la faili hilo kwa ya kwanza kabla haijaondoka, la sivyo dirisha litakuja mbele na ripoti haitafunguka.

Kuna hali moja ngumu. Nakala ya kwanza ipo lakini imeganda, pengine inasubiri printa ya risiti iliyochomolewa, au dirisha limefungwa lakini prosesi imebaki nyuma. Waliotumia Firefox kwa miaka mingi wanalifahamu lile onyo kwamba tayari inaendeshwa lakini haijibu. Nakala ya pili isubiri sekunde chache. Kama hakuna jibu, hapo ndipo iseme, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba programu imekwama na keshia amwite msimamizi au aiwashe upya kompyuta. Usiifanye iiue ya kwanza kimyakimya. Huenda ilikuwa katikati ya kuandika mauzo.

Sasa wale wa faili la kufuli. Mnajua mbinu: programu ikianza inaunda faili, tuseme mauzo.lock, ikifungwa inalifuta. Nakala ya pili ikiona faili lipo inakataa. Ni rahisi, inaeleweka, na katika nchi ambayo stima inapotea inaweza kuwa balaa. Umeme ukikatika programu haipati nafasi ya kufuta chochote. Ukirudi, faili lipo, programu inakataa kufunguka, basi za usiku zimesimama, na wewe umelala mjini Wote na simu iko kwenye chaji. Baada ya mara mbili tatu keshia anafundishwa na mtu kulifuta faili kwa mkono, na tangu siku hiyo analifuta kila programu ikikataa, hata ikiwa ina sababu ya kweli. Kufuli limekuwa pambo.

Wengine huandika namba ya prosesi ndani ya faili ili nakala mpya iangalie kama mwenye namba bado yu hai. Ni afadhali, lakini namba hizo hutumika tena. Kompyuta ikiwaka upya namba ile inaweza kuwa ya programu nyingine kabisa. Kama lazima utumie faili, basi kigezo kisiwe kuwepo kwake. Lifungue kwa namna ya kuwazuia wengine na ulishikilie wazi muda wote. Prosesi ikifa, mfumo endeshi unaliachia, na faili likibaki kwenye diski halimzuii mtu. Kwenye Linux flock hufanya hivyo hivyo.

Nimesema mengi kuhusu kufuli na sasa nalishusha thamani kidogo, mnisamehe. Muteksi inalinda kompyuta moja. Hoteli ikikua, ikawekwa kompyuta ya pili jikoni au kwenye duka la asali pale mbele, zote zikisoma hifadhidata moja, muteksi ya hii haijui lolote kuhusu ile. Zile soda 6 zitayeyuka tena, na safari hii hakuna nakala ya ziada ya kulaumu.

Dawa iko ndani ya hifadhidata. Acha kuiambia "andika 34". Iambie "punguza 6 kutoka kwa iliyopo". Ni badiliko la mstari mmoja wa SQL: idadi iwe idadi toa 6. Hifadhidata itapanga foleni yenyewe, na wa 6 na wa 10 wakija pamoja jibu litakuwa 24. Namba ya risiti nayo usiikisie kwa kutazama ya mwisho na kuongeza moja. Hifadhidata ndiyo iitoe, na safu yake iwekewe sharti la kutojirudia. Fanya hivyo pia kwa ule msimbo wa M-Pesa wenye herufi na namba 10. Kila muamala una wake, kwa hiyo ukiweka sharti hilo, malipo yale yale hayawezi kuingizwa kwenye mauzo mawili, awe ni keshia aliyechoka au mteja mjanja anayeonyesha ujumbe wa zamani. Punguzo la stoki na mstari wa mauzo viende pamoja ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ama vyote viingie ama visiingie.

Ningekuwa na mchana mmoja tu wa kazi Mtito Andei, ningeanza na hili la hifadhidata, kisha kidirisha cha "Inafunguka", kisha muteksi. Najua wengi mngeanza kinyume, kwa sababu muteksi ina jina la kitaalamu na inafurahisha kuitaja kwa mteja.

Tena si kila programu inataka kufungiwa. Kikokotoo mtu anaweza kuhitaji viwili, na anayelinganisha nyaraka anataka madirisha mawili. Hata keshia wetu ana haja yake: akiwa katikati ya kuuza, mteja anauliza kama kuna nyama iliyobaki, naye anataka kuona stoki bila kuipoteza risiti aliyoianza. Huenda ndiyo sababu alikuwa akifungua nakala ya pili makusudi. Muulize. Akikubali, mpe dirisha la stoki ndani ya programu ile ile, prosesi moja, madirisha mawili. Ukimfungia nakala ya pili bila kumpa hilo, atatafuta njia ya kukuzunguka, na ataipata.

Ukimaliza, usiridhike kwa kuijaribu kwenye laptopu yako mpya. Chukua mashine mbovu kuliko zote utakayoipata. Shika kitufe cha Enter juu ya alama ya programu na usikiachie. Fungua ukiwa na akaunti moja, badili mtumiaji, fungua tena. Chomoa waya wa umeme katikati ya mauzo, uwashe, uone kama inafunguka bila maswali na kama hesabu imesimama. Iache iendeshwe siku nzima, kisha jioni ubofye tena, maana yule mkusanya takataka hana haraka.

Na siku ya kuipeleka hotelini, kumbuka toleo la zamani lisilo na kufuli linaweza kuwa bado limefunguka mahali, limeshushwa chini ya skrini, na hilo muteksi haiwezi kuliona. Nenda saa ambazo basi hazijaingia, fungua Task Manager, funga kila nakala mwenyewe, ndipo usakinishe. Matoleo yatakayofuata hayatakupa taabu hiyo: ukitumia Inno Setup kutengeneza kisakinishi, kwenye mstari wa AppMutex andika jina lile lile la muteksi yako, na kisakinishi kitakataa kuendelea mpaka programu ifungwe.